U6 Pro katika nyumba ya wageni Dodoma: kifaa hakina neno, tazameni waya na umeme wake

Kwa miezi 14 sasa nyumba yangu ya wageni iliyopo Ipagala, hapa Dodoma, inatumia visambazaji vitatu vya waifai aina ya U6 Pro kutoka kampuni ya Ubiquiti ya Marekani. Ni vile vifaa vyeupe vya duara ambavyo wengi mmeviona vikiwa darini katika mahoteli na maofisi bila kujua kazi yake. Baadhi ya wageni wangu hudhani ni vya kutambua moshi, na mmoja aliwahi kuniuliza kama vina kamera. Naandika tathmini hii kwa ajili ya wenzangu wenye hosteli, shule, zahanati na nyumba za kulala wageni wanaofikiria kuachana na rauta za majumbani. Niseme mapema kwamba sehemu kubwa ya maelezo yangu haitahusu kasi ya intaneti bali namna ya kukifunga kifaa hiki na kukipatia umeme, kwa sababu huko ndiko fedha zangu zilikopotea.

Nyumba ina vyumba 18 katika majengo mawili yanayotazamana uani, pamoja na ukumbi wa semina unaoingiza watu 60. Kuta ni za tofali za kuchoma, na jengo la nyuma lina mkanda mzito wa zege. Zamani tulikuwa na rauta moja mapokezi na viongeza mawimbi viwili vilivyochomekwa kwenye soketi za korido, ambavyo watoto wa wageni walikuwa wakivichomoa ili wachaji simu. Msimu wa kawaida tulivumilia. Lakini Bunge la Bajeti linapoanza mwezi Aprili vyumba hujaa hadi mwishoni mwa Juni, na kila mgeni huja na simu mbili na kompyuta mpakato. Na tangu treni ya SGR ifike Dodoma mwaka 2024, semina za siku moja zimeongezeka pale ukumbini, za watu wanaofika asubuhi, wanaofungua kompyuta zote kwa pamoja, na wanaotaka kuunganishwa na wenzao wa Dar es Salaam kwa video. Ikifika saa nne asubuhi waifai ilikuwa imeganda, na mhudumu wangu wa mapokezi amegeuka fundi wa kuzima na kuwasha rauta.

Kifaa chenyewe, kikiwa mkononi, kinaleta imani. Kina upana wa milimita 197, unene wa milimita 35 na uzito wa gramu 460, na hakina matundu ya kupitisha hewa, jambo ambalo kwa vumbi letu la kuanzia Julai hadi Oktoba si dogo. Ndani ya boksi mna kifaa, kibao cha kukishikiza darini na skrubu zake. Basi. Hamna chaja. Mhudumu wangu alilikung'uta boksi mara mbili na kuchana hata kadibodi ya ndani akidhani wametuibia.

Hawakutuibia. U6 Pro haina tundu la chaja. Ina tundu moja tu la kebo ya mtandao, na katika kebo hiyo hiyo hupita data na umeme pamoja. Utaratibu huu ndio unaoandikwa PoE kwenye maboksi, na kwa mtu anayefunga vifaa darini ni neema, kwa kuwa hahitaji kumwita fundi umeme aweke soketi mahali ambapo hakuna binadamu atakayefika tena. Umeme hutoka ama kwenye swichi ya mtandao (kisanduku chenye matundu mengi ya kugawia kebo) yenye uwezo huo, ama kwenye kijisanduku kinachoitwa injekta, ambacho huchomekwa ukutani, hupokea kebo kutoka kwenye rauta na kutoa kebo nyingine yenye data na umeme kwenda kwenye kifaa. Vyote viwili hununuliwa kando, na mwenye duka la mjini aliponiuzia visambazaji hakunidokezea lolote.

Niliporudi dukani kulalamika niliuziwa injekta tatu. Tulizichomeka jioni hiyo hiyo na hakuna taa iliyowaka. Nilirudi tena kesho yake, na kijana wa kaunta akanijibu kwa upole lakini kwa uhakika mkubwa: "Mama, hapo kifaa ndicho kibovu, injekta zetu hazijawahi kurudishwa." Nilivaa miwani nikasoma maandishi yaliyo chini ya injekta: volti 24. Nikasoma ya kifaa: volti 44 hadi 57. Hilo ni kosa ambalo kila anayenunua kwa haraka anaweza kulifanya, maana tundu ni lile lile, kebo ni ile ile, na neno PoE limeandikwa pande zote mbili.

Inafaa kueleza tofauti yake, kwa kuwa wauzaji wengi hawaielezi. Swichi au injekta inayofuata kiwango cha kimataifa hupiga hodi kwanza: hupeleka volti kidogo kwenye kebo kuuliza kama upande wa pili kuna kifaa kinachotaka umeme, na kifaa huitikia kwa kuonyesha ukinzani, yaani kiasi cha kuupinga umeme, wa takriban kiloomu 25. Ikiitikiwa, ndipo umeme kamili hufunguliwa. Isipoitikiwa hukaa kimya, na ndiyo maana mtu anaweza kuchomeka kompyuta yake kwenye swichi ya namna hiyo bila madhara. Injekta za volti 24 za aina niliyouziwa hazipigi hodi; hutoa umeme muda wote, awe amechomeka anayeuhitaji au asiyeuhitaji. Kwangu hazikuwasha kifaa, na nashukuru hazikukiua, lakini kinyume chake, yaani kuingiza volti 48 zisizopiga hodi kwenye kifaa cha volti 24, ni njia nyepesi ya kukiunguza. Tulibadilishiwa, tukapewa moja ya volti 48 na nusu ampia kwa majaribio, na taa nyeupe ikawaka mara moja. Taa nyeupe iliyotulia maana yake kifaa kiko tayari kusajiliwa. Ikigeuka ya buluu kimeshasajiliwa na kinafanya kazi.

Sasa tuje kwenye hesabu, na hapa naomba msinichoke. Kiwango cha kwanza cha umeme huu, kinachojulikana kama 802.3af, kilitoka mwaka 2003 na kinatoa wati 15.4 kwenye tundu la swichi. Cha pili, 802.3at, ni cha mwaka 2009 na kinatoa wati 30. Cha tatu, 802.3bt cha mwaka 2018, kinafika wati 90 kwenye tundu, lakini hicho ni cha vifaa vikubwa kuliko mahitaji ya nyumba kama yangu. Jambo ambalo halisemwi kwenye maboksi ni kwamba wati 15.4 za swichi si wati 15.4 za kifaa. Kiwango chenyewe kinahakikisha wati 12.95 tu mwisho wa kebo, na katika kile cha pili wati 25.5 kati ya zile 30. Kinachobaki ni ushuru wa njiani: waya una ukinzani, na ukinzani hugeuza sehemu ya umeme kuwa joto ndani ya kebo, kwa makadirio ya kebo ndefu kupita zote zinazoruhusiwa, yaani mita 100.

U6 Pro, kwa maelezo ya watengenezaji, hula hadi wati 13 ikiwa kazini kwa nguvu zote. Linganisheni na 12.95. Kifaa kimekaa ukingoni kabisa mwa kiwango cha mwaka 2003, na kwa kebo nzuri isiyo ndefu hakuna tatizo, lakini hakiachi nafasi ya uzembe. Mimi uzembe niliukaribisha mwenyewe.

Fundi wa kwanza, kijana mchangamfu niliyeelekezwa na jirani, alikuja na boksi lake la kebo la mita 305 lililoandikwa Cat6, yaani daraja la kebo za mtandao, akatandaza njia tatu kwa siku moja: moja fupi kwenda ukumbini, moja ya korido ya jengo la mbele, na moja ya takriban mita 60 inayopita chini ya uwanja ndani ya bomba la plastiki hadi jengo la nyuma. Bei yake ilikuwa nafuu kiasi kwamba nilipaswa kuuliza maswali. Nilipouliza moja tu, kama kebo ile ni imara, alinijibu, "Mama, waya ni waya tu," tukacheka wote wawili.

Kwa wiki tatu kila kitu kilikwenda sawa. Kisha jengo la nyuma likaanza kupotea hewani, si siku nzima bali kwa dakika mbili tatu, na hasa jioni wageni wakiwa wengi vyumbani. Kwenye programu ya usimamizi niliona kwamba visambazaji viwili vilikuwa vimewaka mfululizo kwa siku 20 na zaidi, na cha nyuma kilikuwa kimewaka kwa dakika 11. Kesho yake dakika 40. Kilikuwa kikizima na kujiwasha chenyewe. Jambo la pili, ambalo sikulipa uzito mwanzoni, ni kwamba programu ilionyesha kisambazaji cha jengo la nyuma kikiwa kimeunganishwa kwa megabiti 100 kwa sekunde, wakati vingine vilikuwa 1,000. Fundi alinihakikishia kuwa tatizo ni mtoa huduma wa intaneti, akaacha kupokea simu.

Nilimwita mzee mmoja ambaye kwa miaka mingi alikuwa akifunga simu za mezani katika maofisi ya serikali. Hakufungua kompyuta. Alikata kipande cha kebo cha urefu wa kidole, akatoa waya mmoja, akaukwangua kwa wembe juu ya meza ya mapokezi. Rangi ya shaba ikabanduka kama rangi ya kucha, na chini yake ukabaki weupe wa sufuria. Akaukunja waya huo mbele na nyuma, na kwa mkunjo wa tatu ukakatika kama kijiti. Kisha akatoa kwenye mkoba wake kipande cha kebo yake, akakikwangua, kikawa chekundu hadi ndani, akakikunja mara nyingi kikagoma kukatika. "Hii uliyowekewa ni alumini iliyopakwa shaba," akasema. "Ya spika inafaa. Ya kupitisha umeme mchana na usiku haifai."

Nilidhani tatizo ni ukinzani peke yake, kwa kuwa waya wa aina hiyo hupinga umeme takriban mara moja na nusu ya shaba ya unene ule ule, lakini mzee alinirekebisha, na nilipopiga hesabu baadaye nikaona alikuwa sahihi: kwa mita 60, ukinzani huo ungepunguza volti chache tu, na kifaa kisingekufa kwa hilo. Kilichokiua ni viungo. Alumini ni laini na huvunjika upesi inapobanwa na meno ya kichwa cha kebo. Joto la mchana na baridi ya usiku huilegeza, na palipolegea umeme hupita kwa shida, hupasha moto, na kulegeza zaidi. Waya mmoja kati ya minane ulikuwa umeshakatika ndani ya kichwa, na ndiyo sababu ya zile megabiti 100, kwani kasi ya 1,000 hudai jozi zote nne za waya ziwe nzima, wakati ya 100 hutosheka na jozi mbili. Kwa maneno mengine, programu ilikuwa imenieleza ugonjwa wiki nzima kabla, nami sikujua kuisoma. Tangu siku hiyo hicho ndicho kitu cha kwanza ninachotazama: kama tundu linasoma 100 mahali panapostahili 1,000, usiende kwa mtoa huduma, nenda kwenye kebo.

Tuling'oa njia zote tatu. Kebo mpya ni ya shaba tupu, na tofauti yake unaihisi hata kabla ya kufungua boksi, kwa uzito. Viwango vya Cat6 haviitambui kabisa ile ya alumini, hata ikiandikwa Cat6 kwa herufi kubwa kiasi gani, na mara nyingi ukichunguza ubavuni mwa boksi utaona herufi CCA, yaani alumini iliyopakwa shaba, zimechapwa kwa aibu mahali fulani. Ile ya zamani mlinzi wangu aliichukua kwao Mpunguzi kufungia mizabibu, na ananiambia kwa kazi hiyo haina mfano.

Injekta nazo niliachana nazo. Kijisanduku kimoja si tatizo, lakini vitatu vikiwa nyuma ya kaunta, kila kimoja na plagi yake kwenye kiunganishi cha soketi kilichokwisha kujaa, ni fujo inayosubiri mfagiaji aguse mahali. Nilinunua swichi ya kampuni ile ile, USW-Lite-8-PoE, yenye matundu 8, ambayo manne kati yake hutoa umeme wa kiwango cha 802.3at. Haina feni, kwa hiyo haipigi kelele wala haivuti vumbi. Kwa kuwa kila tundu linaweza kutoa hadi wati 30, ile hofu ya ukingoni niliyoieleza juu inakwisha. Kifaa kinachotaka wati 13 hupata wati 13. Lakini swichi ina kikomo kingine ambacho wanunuzi wengi hawakitazami, nacho ni jumla: matundu yote manne kwa pamoja hayawezi kuzidi wati 52. Vifaa vyangu vitatu vikifika kilele hufanya wati 39. Kwenye programu naona kila kimoja kikila wati 6 hadi 8 kwa siku za kawaida, na siku ya semina cha ukumbini hupanda hadi 9 na kidogo.

Kuhusu kukifunga darini, kazi yenyewe ni ya nusu saa kwa kila kifaa, na sina mengi ya kusema isipokuwa mawili. Fundi wa kwanza alitaka kukiweka juu ya dari ya jipsamu "ili kisionekane". Msikubali. Kati ya jipsamu na bati, saa nane mchana mwezi wa Novemba hapa Dodoma, ni tanuri. Watengenezaji wanakiruhusu kifaa hiki kufanya kazi hadi nyuzi joto 60, lakini kuruhusiwa si kutendewa haki, na zaidi ya hapo antena zake zimepangwa kumwaga mawimbi kuelekea chini kama mwavuli, kwa hiyo mahali pake ni chini ya dari, katikati ya watu. La pili, jipsamu peke yake haishiki skrubu. Mzee aliweka kipande cha ubao juu ya dari na skrubu zikapita jipsamu zikaingia kwenye ubao. Kibao cha plastiki kikatulia, kifaa kikazungushwa kidogo juu yake hadi kikasikika kikibana. Kwenye korido yenye zege drili ilifanya kazi ya kawaida.

Umeme ukikatika ndipo utakapojua kama ulifunga mfumo au ulipachika vifaa. Faida kubwa ya kulisha visambazaji vyote kutoka swichi moja ni kwamba UPS (kisanduku cha betri za akiba) moja tu inatosha, mahali pamoja, chini ya kaunta. Niliikosea hata hii: mwanzoni tuliichomekea swichi peke yake, umeme ukakatika, visambazaji vikabaki na taa za buluu zinapendeza, na intaneti haikuwepo kwa sababu rauta na kile kisanduku cha mtoa huduma vilikuwa kwenye soketi ya kawaida. Vyote vitatu viwe pamoja. Kwangu mzigo wote hauzidi wati 50 kwa kawaida, na UPS yenye betri mbili za volti 12 na ampia-saa 7 hutufikisha saa mbili kasoro betri zikiwa mpya. Kwa karatasi betri hizo zina wati-saa 168 na zingepaswa kufika saa tatu na zaidi, lakini UPS yenyewe hula sehemu yake katika kugeuza umeme, na betri za asidi hazipendi kukamuliwa hadi mwisho. Muda huo unatosha hadi jenereta iwashwe, na kile ambacho wageni walikilalamikia zaidi kuliko giza, yaani kukatika kwa mkutano wa video katikati ya sentensi, kimekwisha. Chagueni UPS inayorekebisha pia volti zikiyumba, kwa kuwa umeme unaporudi mara nyingi hurudi kwa kishindo.

Kuna na radi. Mvua zetu huanza Desemba na kuisha Aprili, si nyingi, lakini huja na ngurumo, na kebo inayotoka jengo moja kwenda jingine ni njia nzuri ya kuingizia balaa. Mzee aliweka kizuia mshtuko kila upande wa ile kebo ya mita 60 na kukiunganisha na nondo ya ardhini. Alichimba kwa kina kuliko nilivyotegemea, na nilipolalamika kuhusu gharama ya vibarua alinieleza kwamba udongo mkavu wa Dodoma haupokei umeme vizuri, hivyo nondo fupi iliyopigwa juu juu mwezi wa Septemba ni pambo tu. Angekuwa na uhuru wa kuanza upya, anasema, angepitisha faiba, yaani kebo ya nyuzi za kioo, kati ya majengo mawili, kwa kuwa kioo hakibebi radi, na nyuma angeweka swichi ndogo. Nadhani ana haki, na anayejenga sasa afikirie hivyo.

Utendaji sasa. Boksi linajivunia gigabiti 4.8 kwa sekunde kwenye masafa ya gigahezi 5. Isomeni kama mnavyosoma spidomita ya gari inayoishia 240. Tundu la kifaa lenyewe ni la gigabiti 1, na kifurushi changu cha intaneti ni cha megabiti 50, kwa hiyo sitawahi kuiona namba hiyo wala siihitaji. Ninachokihitaji, na ninachokipata, ni watu 60 ukumbini wakiunganishwa kwa pamoja bila kifaa kulegea, na hapo U6 Pro haijaniangusha hata siku moja. Mgeni hutoka mapokezi na simu sikioni, akavuka uani hadi chumba cha mwisho, na mazungumzo ya video hayakatiki, kwa kuwa jina la mtandao ni moja na simu huhama yenyewe kutoka kifaa hadi kifaa.

Haikuwa hivyo siku ya kwanza, lakini. Fundi aliacha kila kitu kwenye mpangilio wa kiwandani na nchi ikiwa Marekani. Wekeni Tanzania, kwa kuwa masafa na nguvu zinazoruhusiwa hutegemea nchi, na msimamizi wa masafa hapa kwetu ni TCRA. Kwenye gigahezi 2.4 nilivipa visambazaji chaneli 1, 6 na 11, kimoja kimoja, visigombane, na nikapunguza nguvu zake, jambo ambalo mhudumu wangu aliliona kama wazimu: tumenunua kifaa kikali halafu tunakifunga breki? Lakini kisambazaji kinachopiga kelele mno hufanya simu ya mtu aliyekwisha kufika jengo la nyuma iendelee kung'ang'ania kile cha mapokezi, na simu yenyewe haina sauti ya kujibu umbali huo. Upana wa chaneli kwenye gigahezi 5 niliuacha megahezi 40, siyo ule wa 160 unaozaa zile gigabiti za kwenye boksi.

Kasoro za kifaa chenyewe ni chache na nitazitaja. Maelezo ya karatasi yaliyomo ndani ya boksi ni picha tupu, na mtu asiye na mazoea hatajua kuwa anahitaji kwanza kuweka programu ya usimamizi kwenye simu au kompyuta. Programu ni bure, lakini imejaa vitufe ambavyo mwenye nyumba ya wageni hatavigusa maishani. Ile taa ya buluu usiku ni kali, na mgeni wa chumba namba 7, ambaye kioo cha juu ya mlango wake kinatazama korido, alikibandikia kifaa ukurasa wa gazeti kabla hatujagundua kuwa taa huzimwa kwenye programu kwa mguso mmoja. Bei siitaji kwa sababu hupanda na kushuka na dola, ila kadirieni kwamba kebo ya kweli, swichi, UPS na ufundi kwa pamoja vilinigharimu zaidi ya visambazaji vyenyewe, hata bila kuhesabu ile kebo niliyoinunua mara mbili.

Kwa nyumba ya vyumba vinne vitano sikushauri. Rauta moja nzuri itakutosha. Mimi nimeridhika kiasi cha kutaka cha nne kwa ajili ya kibanda cha chakula cha nje, na hapo hesabu inanirudisha kwenye swichi: 13 mara nne ni 52 kamili, na jumla yake ni 52. Mzee anasema itafanya kazi, maana vyote havitafika kilele kwa wakati mmoja. Mimi nimeshaagiza kubwa zaidi.